Paka Hakojoi kwa Kisasi



Malalamiko ni yaleyale, yawe yametoka ghorofani Upanga au South B kule Nairobi. Paka alizoea beseni lake la mchanga tangu utotoni na hakumsumbua mtu. Ghafla mkojo unaonekana nyuma ya kochi. Siku chache baadaye uko kwenye rundo la nguo zilizoanuliwa. Kisha uko kitandani, au juu ya mswala, na hapo nyumba inagawanyika: watoto wanalia paka asiguswe, baba ameshatafuta gunia. Wengi wetu tunajua gunia hilo linaishia wapi. Paka hufungwa ndani, hupakiwa kwenye bodaboda, akaachiwe soko la mbali ambako hana anayemjua wala kona ya kujificha.

Nina jambo moja la kusema, na nitalisema kama daktari wa mifugo ninayewapenda wanyama hawa waziwazi. Paka anayeacha beseni hafanyi jeuri, wala halipi kisasi kwa kuwa jana alinyimwa samaki. Kuna kitu kimeharibika: mwilini mwake, au katika beseni lenyewe, au katika utulivu wa nyumba. Paka huficha maumivu. Hachechemei kwa kujionyesha, halii usiku kucha. Hujikunja pembeni, akala kidogo, nasi tukasema amechoka tu. Kwa hiyo mkojo sakafuni mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza anayoitoa, na pengine asitoe nyingine. Anayemtupa kwa sababu ya mkojo huo anamtupa mgonjwa aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kujieleza.

Tuanzie alikotoka. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani, wa Lamu kama wa London, wana asili moja: paka-mwitu wa nchi kavu za Mashariki ya Kati, wa jamii iitwayo kitaalamu Felis lybica, ambayo mpaka leo inazurura katika mbuga zetu za Afrika Mashariki. Mnyama wa nchi kavu hana mazoea ya kunywa maji mengi. Maji yake huyapata kwenye nyama ya panya na ndege, na figo zake hubana mkojo ukawa mzito kuliko wetu. Mnyama huyohuyo huchimba udongo mkavu, hujisaidia na kufukia. Kitoto cha paka cha wiki tatu au nne huanza kukwaruza mchanga bila kufundishwa na mtu. Beseni lenu halikumfundisha adabu, lilimkuta nayo.

Beseni lenyewe halina umri mrefu. Nchini Marekani waliofuga paka ndani waliwawekea mchanga au majivu, hadi mwaka 1947, katika jimbo la Michigan, kijana aitwaye Edward Lowe alipompa jirani yake chembechembe za udongo mkavu zilizokuwa zikiuzwa kufyonza mafuta viwandani. Jirani alipendezwa, na biashara ikazaliwa. Kwetu paka alikuwa na uwanja. Alitoka alfajiri, akaenda zake nyuma ya jiko au chini ya mpapai, na hakuna aliyejua anakojoa mara ngapi wala kama anaumia. Kisha tukahamia maghorofani tukamfungia mlango. Kwa mara ya kwanza tunaona kila tone la mkojo wake, na kwa mara ya kwanza yeye hana pa kwenda beseni likimshinda, isipokuwa godoro letu.

Sasa mwili. Kama mtaondoka hapa na jambo moja tu, liwe hili. Paka dume anayeingia beseni mara kwa mara, anachuchumaa, anakaza, analia kwa sauti nzito, anajiramba sana chini ya mkia, na mkojo hautoki au yanatoka matone mawili matatu, yuko katika hatari ya kufa. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana kuelekea nchani, na kizibo kidogo cha ute na chembe za madini kinatosha kuufunga. Kibofu hujaa kikawa kigumu kama chungwa. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo hushindwa kazi, potasiamu hupanda katika damu, na moyo husimama. Haya yanaweza kutimia katika siku mbili au tatu, na nyakati nyingine mapema zaidi. Mara nyingi mwenye paka hudhani amefunga choo, akampa mafuta ya kula, akangoja Jumatatu. Msingoje Jumatatu. Mpelekeni saa ileile, hata kama ni usiku wa manane na daktari mnamwamsha. Paka jike hapati hatari hii mara nyingi kwa sababu mrija wake ni mfupi na mpana, lakini akikojoa damu naye asilazwe nyumbani akitazamwa tu.

Yapo maradhi mengine yasiyo na haraka kama hiyo. Mawe ya kibofu. Kisukari, maradhi ya figo, na tezi ya shingoni inayozalisha homoni kupita kiasi, ambayo yote humfanya paka anywe maji mengi na kujaza beseni lililokuwa likimtosha jana. Kuhara, na choo kigumu kinachouma. Kwa paka mzee kuna baridi yabisi, na hapa ningependa tukae kidogo, maana wazee hawa ndio wanaoonewa zaidi. Mwaka 2002 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kupitia picha za eksirei za paka 100 waliovuka umri wa miaka kumi na miwili, na 90 kati yao walionekana na viungo vilivyochakaa. Fikirini paka huyo mbele ya beseni lenye ukingo wa kufika kifuani. Lazima anyanyue mguu wa nyuma unaouma, atue juu ya mchanga unaotelezateleza, achuchumae, kisha apande tena kutoka. Akikojoa hatua moja nje ya beseni, huyo amejitahidi kufika. Kateni upande mmoja wa beseni ukingo ubaki inchi mbili, lainisheni makali, mtaona tofauti.

Na jambo ambalo watu hawalitarajii: ugonjwa unaweza kupona na paka asirudi. Aliumia akiwa ndani ya beseni, na kwa akili yake beseni ndilo lililomuumiza. Ndipo anapotafuta kitu laini, kisicho na uhusiano wowote na yale maumivu, akapata nguo, zulia, kitanda. Kuchagua kwake kitanda chako hakuna maana ya kukudharau.

Mkifika kwa daktari, mwombeni apime mkojo kabla ya kutoa dawa. Nasema hivi kwa sababu sindano ya antibiotiki imekuwa jibu la kila mkojo wenye damu, nayo kwa paka kijana mara nyingi haina kazi. Maambukizi ya bakteria ndani ya kibofu ni adimu kwa paka wenye umri mdogo; huonekana zaidi kwa wazee na wenye kisukari au figo mbovu. Paka wengi walio chini ya miaka kumi wenye dalili za kibofu huchunguzwa wasikutwe na bakteria wala jiwe. Kibofu chao kimevimba, kinauma, kinatoka damu, na kisababishi hakionekani kwenye darubini.

Kwa paka hao kuna kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ambayo kila anayefuga paka angepaswa kuisikia. Profesa Tony Buffington na wenzake waliwapokea paka wenye ugonjwa huu wa kibofu, paka ambao waliowafuga walikuwa wameshindwa nao. Waliwaweka katika makazi ya kudumu na wakawapa maisha yenye mpangilio: chakula saa zilezile, mhudumu yuleyule, mahali pa kujificha, vitu vya kuchezea, beseni safi. Dalili zikapungua sana. Kisha, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, waliwafuatilia paka hao pamoja na paka wazima kwa wiki 77 na kuandika kilichotokea kila ratiba ilipovurugika. Ikibadilishwa saa ya chakula, au mhudumu asipofika akaja mwingine, wagonjwa walitapika, waliacha kula, walijisaidia nje ya beseni. Na wale wazima, wasio na ugonjwa wowote wa kibofu, walifanya vivyo hivyo.

Rudieni sentensi hiyo ya mwisho mkifika nyumbani. Paka mzima wa afya, katika chumba safi, aliacha beseni kwa sababu tu mtu aliyemzoea hakufika siku hiyo. Sasa fikirini nyumba zetu. Kuna arusi: magodoro yametandikwa sebuleni, shangazi wa Tanga na watoto wake sita wamelala kwenye njia ya kwenda bafuni, muziki mpaka alfajiri. Kuna mtoto mchanga na wageni wa kuja kumwona. Kuna fundi anayevunja vigae. Dada wa kazi aliyekuwa akimlisha ameondoka kwenda kwao na hakurudi, na hakuna hata mmoja ndani ya nyumba aliyefikiri kwamba paka atamkumbuka. Mwili wa paka mwenye hofu hutoa homoni zinazogusa moja kwa moja neva za kibofu na utando wake wa ndani. Kwa hiyo tukimwambia mtu paka wake ana wasiwasi, tunamtajia ugonjwa halisi, wenye damu na maumivu.

Dawa yake kwa sehemu kubwa iko mikononi mwenu. Mpeni paka chumba kimoja ambacho wageni hawaingii. Mwacheni apande juu ya kabati, maana paka aliye juu anaona kila anayekuja na hofu yake hupungua. Mlisheni saa zilezile hata siku ya arusi. Ongezeni maji: chakula chenye mchuzi, dagaa waliolowekwa na kutolewa chumvi, bakuli la maji mbali na la chakula. Mkojo mwepesi haukwaruzi kibofu kama mkojo mzito.

Sasa beseni. Nikiitwa nyumba yenye tatizo hili, huomba kuonyeshwa choo cha paka kabla ya kuonyeshwa paka. Mara nyingi nakikuta nyuma ya mashine ya kufulia, au barazani ubavuni mwa jenereta, au bafuni, na nikiuliza mlango wa bafu hufungwa saa ngapi, naambiwa usiku watu wakilala. Basi paka amefungiwa choo kwa saa nane, na asubuhi anapigwa kwa sababu amekojoa juu ya zulia.

Mabeseni mengi yanayouzwa kwa ajili ya paka ni madogo. Urefu unaofaa ni mara moja na nusu ya mwili wa paka, pua hadi shina la mkia, na kwa paka mkubwa hiyo inakaribia sentimita 70. Beseni pana la kufulia nguo, lenye kina kifupi, ni bora kuliko kisanduku cha dukani chenye paa. Paa huficha uchafu machoni petu na kumfungia paka harufu yote puani. Mchanga uwe laini na mkavu, kina cha vidole vitatu. Mchanga wa mto uliochekechwa na kuanikwa unafaa sana. Maranda ya mbao baadhi hukubali, wengine hukataa, na mkitaka kubadilisha changanyeni kidogokidogo kwa wiki mbili. Ule mchanga wa dukani wenye manukato ya malimau au waridi umetengenezwa kumpendeza mnunuzi. Pua ya paka ni kali kuliko yetu mara nyingi sana, na harufu hiyo kwake ni kelele.

Uchafu uondolewe kila siku, mara mbili ikiwezekana, na mchanga wote ubadilishwe kila wiki au karibu na hapo. Usafi huu unawafaa na nyinyi. Vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kutoka kwenye kinyesi cha paka havina nguvu ya kuambukiza siku ileile. Huhitaji siku moja hadi tano, kwa hiyo anayezoa kila siku anavitoa nje kabla havijawa hatari. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hii, na akikosa mtu avae glavu na kunawa. Beseni lioshwe kwa maji moto na sabuni ya kawaida, basi. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji, nyingi zina fenoli, na ini la paka halina uwezo mzuri wa kuivunja. Hukanyaga, hujiramba miguu, na sumu inaingia.

Wenye paka zaidi ya mmoja wana mtihani mwingine. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa paka ni mabeseni sawa na idadi ya paka, na moja zaidi. Najua nyumba zetu ni ndogo, na paka watatu kwa mabeseni manne katika vyumba viwili ni shida. Lakini idadi si kitu kama mahali. Mabeseni matatu yaliyopangwa mstari mmoja ukutani, kwa paka ni choo kimoja. Paka mwenye nguvu hahitaji kupigana: hujilaza katikati ya ukumbi, akatazama. Mnyonge anaona macho hayo na kurudi alikotoka, na mwenye nyumba anayewaangalia wote wawili anasema wanapatana, maana hakuna hata aliyekoroma. Wekeni beseni moja upande wa pili wa nyumba, mahali penye njia mbili za kutokea, na huenda tatizo likaisha wiki hiyohiyo.

Kuna jambo linalofanana na hili ambalo si hili. Paka anayesimama wima, ameupa ukuta mgongo, mkia umeinuka na unatetemeka, kisha anarusha mkojo kidogo kwa nyuma, huyo hajisaidii. Anaweka alama ya mpaka wake, na bado anatumia beseni kama kawaida. Paka shume ndiye bingwa wa hili, na mkojo wake unanuka zaidi kwa sababu homoni za kiume huongeza ndani yake kiini chenye salfa kinachovunjika taratibu hewani. Kuhasiwa huwaachisha wengi sana, takriban tisa kati ya kila madume kumi. Wachache huendelea, na kwao tafuteni paka wa nje anayekuja dirishani. Ukimzuia asionekane, alama hupungua.

Niseme neno kuhusu mswala, kwa kuwa pwani yetu swali hili huulizwa kwa uchungu. Mafundisho yetu yamempa paka heshima. Maji aliyoyanywa hatuyamwagi. Mkojo wake ni najisi, na mtu aliyeamka kwa swala ya alfajiri akakuta mswala umelowa ana haki ya kukasirika. Ningemwomba akasirike huku akijua kwamba mswala ni kitambaa laini, kipana, kilichotandikwa mahali tulivu na pasafi kuliko pote ndani ya nyumba. Paka anayeumia anatafuta mahali kama hapo hasa. Ukunjwe na kuwekwa juu baada ya swala, na paka apelekwe kupimwa.

Kusafisha kuna kanuni zake. Mkojo mbichi ukandamizwe kwa kitambaa kikavu mpaka unyonywe, ukisugua unausambaza. Kisha fueni kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambavyo huvunja vile vitu vinavyobaki na kunuka upya kila hewa ikiwa na unyevu, na kwetu hewa ina unyevu mwaka mzima. Suuzeni sana, anikeni juani. Msimwage jiki juu ya mkojo: mkojo una amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu. Vilevile dawa za kusafishia zenye amonia humwambia paka kwamba hapa pamekojolewa tayari, karibu tena.

Kumpiga, kumsugua pua kwenye mkojo, kumfungia nje: hivi vyote ni ukatili, na havisaidii kitu. Paka hawezi kuunganisha kipigo cha saa kumi na mkojo wa saa nne. Anachojifunza ni kwamba mtu huyu anaumiza, na hofu hiyo mmeshasikia inakwenda wapi: inarudi kibofuni. Nimewaona paka waliokuwa wakikojoa pembe moja ya nyumba wakaishia kukojoa chini ya vitanda vyote, baada ya mwezi wa kupigwa.

Kumrudisha kwenye beseni kunawezekana. Akishatibiwa, mwekeni katika chumba kimoja kidogo chenye dirisha, chakula upande mmoja, beseni jipya upande wa pili, la umbo tofauti na lile alilolikataa. Jipya, kwa sababu la zamani lina kumbukumbu. Kaeni naye humo, mchezesheni, asione amefungwa jela. Akilitumia siku kadhaa mfululizo bila kukosea, mfungulieni chumba cha pili, kisha sebule, na vitanda vifunikwe nailoni nene kwa muda. Akikosea, rudini hatua moja nyuma. Wengine huchukua wiki moja, wengine miezi miwili.

Na kabla hamjaja kwetu, andikeni kwenye karatasi: alianza lini, anakojoa wapi, ni mkojo mwingi au matone, sakafuni au ukutani, anakwenda mara ngapi kwa siku, anakunywaje maji, na nini kilibadilika nyumbani katika wiki zilizotangulia, hata kama ni kochi tu lililohamishwa. Paka wa kawaida hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku. Mkiweza, pigeni picha ya video kwa simu akiwa anachuchumaa; sekunde ishirini za video hiyo hutuonyesha mambo ambayo paka mwenyewe, akishaona meza ya daktari, atayaficha yote. Mleteni ndani ya kikapu chenye kifuniko, si kwenye gunia, na mtandikieni kanga iliyolaliwa na mtu anayempenda.

Maswali sasa, na wenye paka dume waanze.